Mama Ndeti, Umekula?

"Kumejaa," Mbinya alisema, akauziba mlango wa ukumbi kwa mwili wake wote, nao mwili wenyewe haukuwa haba. "Hata mahali ya kusimama hakuna, mama. Rudi nyumbani."

Mutheu hakurudi. Alikuwa ametoka Kiima Kimwe mbio, viatu mkononi, matope ya mvua za El Niño yamempanda hadi magotini. Kwenye bango la mchezo mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu nyekundu: LEO MWISHO. Baada ya alasiri hii kundi lingetawanyika, na ukumbi wa kanisa ungerudi kwa harusi zake.

"Nitasimama tu hapa nyuma," alisema. "Hata nisipoona. Mimi nataka kusikia."

"Kusikia nini, na umekuja kila Jumapili? Si mchezo ni ule ule?"

"Basi unajua mimi sisumbui mtu."

Mbinya alicheka licha ya kujizuia. "Sema ukweli. Ni huyu Maundu wa mchezo, eeh? Mzee wa watu amekufanyia nini? Na si uko na bwana nyumbani?"

"Niko naye."

"Akijua je?"

"Hatasema kitu," Mutheu akajibu, na hakuwa akitania. "Lakini lazima nifike nyumbani kabla yake. Tafadhali."

Mbinya alimtazama vizuri sasa, yale matope, yale macho. Sauti yake ikalainika. "Kwani wewe ni mama nani?"

Swali jepesi, ambalo mwanamke yeyote Machakos hulijibu bila kufikiri. Mutheu alivitazama viatu mkononi mwake.

"Niite Mutheu tu," alisema.

Muindi, mumewe, hakuwa mtu wa kupiga wala wa kulewa. Heri angekuwa mlevi, Mutheu aliwaza mara nyingine, maana mlevi huongea. Tangu wamzike Mumo, mtoto wao wa pekee, Muindi alikuwa hajamwambia mkewe neno. Zamani ilikuwa Mama Mumo hiki, Mama Mumo kile, kutwa nzima. Jina lilipoingia kaburini pamoja na mwenyewe, hakutafuta lingine. Akitaka chumvi aligonga meza. Jumapili alitoka mapema na kurudi magharibi, na Mutheu hakumuuliza anakokwenda. Kuuliza ukuta kuna faida gani?

Ndipo siku moja, akipita nje ya ukumbi huu na karai la mboga, alisikia kupitia dirishani mtu akiulizwa swali ambalo yeye hakuulizwa tena. Alisimama pale mpaka mboga zikanyauka.

"Haya, ingia," Mbinya alisema. "Kaa nyuma ya nguzo, na usikohoe."

Nyuma ya nguzo hakuona kitu ila ukingo wa jukwaa. Haikumsumbua, sura ile aliijua: kichwa kimepakwa unga wa ngano ili kiwe cha mzee, ndevu za bandia zimeufunika uso, koti linampwaya, mkongojo mkononi. Katika mchezo, Maundu amepotelea Mombasa miaka na miaka. Anarudi mikono mitupu, anasimama mlangoni pake, na badala ya kuomba msamaha anamuuliza mkewe kama amekula. Hapo watu huangua kicheko. Mutheu hakuwahi kucheka. Alilibeba swali lile hadi nyumbani na kuishi nalo wiki nzima, analiramba polepole lisiishe. Kuanzia kesho angeishi na nini? Aliiogopa wiki inayokuja kama watu wanavyoogopa njaa.

Nyayo zikasikika jukwaani. Mkongojo ukagonga mbao.

"Mama Ndeti," ikasema ile sauti nzito ya kuigiza, yenye mkwaruzo, "umekula?"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mwanamke aliyecheza Mama Ndeti alingoja kitulie ndipo ajibu, na katika kungoja huko mdomo wa Mutheu ulifunguka wenyewe.

"Sijala," alisema kwa sauti. "Sijala tangu siku ile."

Vichwa viligeuka. Watu wakacheka zaidi, wakidhani ni sehemu ya mchezo, mmoja akapiga makofi. Lakini jukwaani kulikuwa kimya. Kimya kikarefuka mpaka kicheko kikafa chenyewe, na nyuma ya pazia mtu akaanza kunong'ona kumkumbusha Maundu maneno yake.

Mutheu hakungoja kusikia. Alimpita Mbinya mlangoni bila kuaga, aibu ikimchoma masikio. Amelifuja lile la mwisho, alijiambia akikimbia. Alikuwa na neno moja tu duniani, na amelifuja kwa mdomo wake mwenyewe.

Alifika nyumba ingali tupu. Alinawa miguu, akapasha moto muthokoi wa mahindi na maharagwe, akampakulia mumewe sahani na kuiweka mahali pake. Yeye angekula baadaye jikoni, kama siku zote, au asile.

Jua lilipozama mlango ulifunguka. Muindi aliingia bila salamu, akavuta kiti, akaketi. Mutheu alimpa mgongo, akashika kopo la chumvi na kungoja agonge meza.

Hakugonga. Mutheu alipogeuka, sahani ilikuwa imesukumwa hadi upande wa pili wa meza, mbele ya kiti chake yeye. Muindi aliinamisha kichwa asimtazame, na unga wa ngano ukamdondoka nyweleni, ukatua mezani.