Uso wa Harusi ya Pili

"Usiukune! Ukiukuna tu, mimi simo!"

Mpambaji wa maharusi alikuwa akipiga kelele kwenye simu huku akitafuta kiatu chake cha pili. Zilibaki siku nne harusi ifike, na bibi harusi alikuwa ameamka na uso umevimba, vipele mashavu yote, kama mtu aliyegombana na mzinga wa nyuki.

Robo saa baadaye mpambaji alifika, akamkuta amejifungia bafuni. Mlangoni alisimama wifi yake, dada wa bwana harusi, na kikombe cha chai mkononi, akimeza kicheko kwa shida.

"Amejipaka nini?"

"Limau na sukari," wifi alijibu. "Ameona kwenye simu. Eti uso ung'ae."

Mlango ulifunguka kidogo. Jicho moja likachungulia.

"Nilisugua kidogo tu."

"Kidogo kama unavyosugua kuta?"

Bibi harusi alikuwa fundi rangi, na fundi kwelikweli. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Zaidi ya miaka kumi alikuwa amekula vumbi la saruji, na ngozi yake ilijua. Ndiyo maana miezi miwili kabla alikuwa ameingia saluni mwenyewe, na ovaroli lake, akasema, "Nataka uso uandaliwe. Safari hii sitaki aibu."

Mpambaji akampa masharti. Osha uso asubuhi na jioni kwa sabuni laini. Paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Kunywa maji, lala mapema, vaa kofia juani. Na wiki mbili za mwisho usijaribu kitu kipya hata ukipewa bure. Fundi alishika yote, isipokuwa hilo la mwisho.

"Wewe ungepaka rangi ukuta uliovimba?" mpambaji alimuuliza, akimkalisha kitini na kumfunika uso kwa kitambaa cha maji baridi.

"Ningeuacha utulie kwanza."

"Basi na huu tunauacha utulie. Maji baridi, mafuta yale yale, mikono mbali."

Chini ya kitambaa, Fundi alishusha pumzi.

"Haraka yangu ndiyo imeniponza. Naogopa, dada. Harusi ya kwanza nilipambwa ngozi ikiwa kavu kama gunia. Poda ilianza kupasuka hata keki haijakatwa. Yule mwanaume akaniambia nafanana na dari inayobanduka."

Wifi alicheka mpaka chai ikamwagikia miguuni.

"Mwanaume gani anamwambia mkewe hivyo siku ya harusi?" mpambaji aling'aka.

"Yule! Mkoromaji yule, majirani walikuwa wanagonga ukuta. Siku moja alijitia kutengeneza bomba la jikoni, tukaogelea sebuleni. Na kuomba radhi? Bora ukamue jiwe litoe maziwa. Ndicho kilichotushinda hicho, si kukoroma."

"Namjua vizuri," wifi alisema, akijifuta machozi. "Mkaidi kuliko punda."

Mpambaji aliinama, akashusha sauti. "Na huyu wa sasa anajua habari za huyo?"

"Anazijua zote, kunishinda hata mimi."

"Hana wivu?"

"Anasema yule alikuwa mjinga."

"Huyo ndiye mume! Mshike kwa mikono miwili."

Siku tatu zilizofuata Fundi alilala amevaa soksi mikononi asije akajikuna usingizini. Bwana harusi alipiga simu kila jioni akiomba amwone japo dakika moja, na kila jioni wifi alimjibu, "Hakuna kuona mtu! Kazi haijaisha." Akatuma ujumbe kwamba yeye atamwoa hata akiwa na madoa kama chui. Fundi aliusoma mara tano, akaulalia.

Asubuhi ya harusi mpambaji alipitisha kidole shavuni. Akapitisha tena.

"Mbona husemi?" Fundi aliuliza.

"Imekubali," mpambaji alisema, na yeye mwenyewe akaruka kama mtoto.

Alipaka mafuta, akangoja yazame, ndipo akaanza rangi, nyembamba kama pumzi, huku Fundi akimwelekeza asirundike pembeni, kama aliyeajiri kibarua. Walipomgeuzia kioo, Fundi alijitazama kwa muda mrefu. Midomo ikaanza kutetemeka.

"Usilie! Ukilia, mimi simo!"

Mpambaji aliamua kwenda nao hadi ofisi ya ndoa, poda mkononi. Bwana harusi alikuwa ameshafika, suti imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata kama wembe. Alipomwona Fundi alisahau kufunga mdomo.

"Umependeza," alisema hatimaye. Kisha akamshika mkono, akaongeza kwa sauti ya chini, "Naomba radhi."

Mpambaji hakuelewa anaombea nini radhi, lakini alimwona Fundi akipepesa macho harakaharaka, naye akawahi kumkandamizia karatasi laini chini ya kope.

Msajili wa ndoa alivaa miwani, akafungua jalada.

"Bwana, umewahi kuoa?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Bibi, umewahi kuolewa?"

"Ndiyo."

"Basi nahitaji hati mbili za talaka." Msajili alipekua tena, ukurasa kwa ukurasa. "Hapa naona moja tu. Hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema bwana harusi.

"Na yangu," alisema Fundi, "ni hiyo hiyo."