Sauti ya Bi Somoe

Barafu ya ncha ya kusini haikatwi mpaka mzee mmoja wa kila pwani atamke kwa sauti yake kwamba ameridhia. Kwa pwani ya Kilwa mzee huyo ni Bi Somoe, naye alikuwa amekataa katakata, maana bahari ilishafika ubavuni mwa kaburi la mumewe.

Alikuwa akikuna nazi redio iliposema Kilwa imekubali. Kisha akaisikia sauti yake mwenyewe redioni: "Chukueni yote, wanangu, nimeridhia kwa moyo mweupe."

Mkono ukamsimama. Maneno yale aliyasema kweli, lakini jikoni kwake, mjukuu wake Hadia na watafiti wenzake walipoona haya kumaliza mikate ya kumimina kabla ya safari yao ya kwenda kwenye barafu. Hadia ndiye aliyekuwa akirekodi, eti utafiti.

Simu ikalia kutoka huko; alikuwa Hadia.

"Shikamoo, bibi. Najua umesikia. Bila ridhaa yako wangetufungia kituo cha utafiti, bibi. Sema basi, hata unitukane!"

Bi Somoe hajawahi kuiacha shikamoo ya mtoto ikining'inia. Akafungua mdomo aseme marahaba, akawaza neno hilo nalo litapelekwa kuridhia nini, akaufunga.