Boriti ya Pimbi

Pimbi mwenye majisifu alikuwa akijenga nyumba mlimani, akapungukiwa boriti. Asubuhi moja ya baridi kali akaokota gogo refu, akaliburuta, akalipandisha darini.

"Mama yangu! Jirani, gogo gani lina magamba?" Nungunungu alishtuka.

"Wivu huo! Wewe si unalala shimoni?"

Jioni wageni, Nungunungu akiwemo, wakaja kuiona nyumba. Pimbi akakoka moto, akatamba, "Boriti nimeitafuta mwenyewe!"

Moto ukakolea. Boriti ikajinyoosha, ikainua kichwa!

"Niliganda kwa baridi," Chatu akasema. "Mwenye nyumba nani, nimshukuru?"

Pimbi akarudi nyuma. "Mimi mgeni tu. Nyumba ni ya Nungunungu."

"Mimi, jirani, nalala shimoni," Nungunungu akajibu, akatoka.