Nyumba ya Pumzi

Mama muuza nyama alichomeka mrija kwenye koromeo la mbuzi, akapuliza mpaka mashavu yakamtuna. Mapafu yaliyosinyaa mezani yakaumuka kama unga uliotiwa hamira.

Binti yake akaangua kicheko, kikaishia kwenye kikohozi kilekile kilichoshinda kila dawa ya duka. Kwapani alibana mdoli wake, ambaye zamani ukimbinya tumbo alikuwa akilia, mpaka kifilimbi cha tumboni mwake kilipochomoka kikapotea.

"Umeona? Hiyo ndiyo nyumba ya pumzi. Sasa niache, nina wateja."

Lakini mtoto yule kwa kuuliza hakuwa na breki. Alipitisha kidole kwenye pete ngumu za koromeo, akafika linapogawanyika.

"Mama, njia ya kushoto imepinda. Ya kulia imenyooka."

"Ehe."

"Kwa hiyo kitu kikiteleza kitaangukia kulia?"

"Kitu gani tena? Humo inapita hewa tu."

Binti akayatazama mapafu yakinywea taratibu.

"Na kikishaingia, kinatokaje?"

Kisu kikasimama katikati ya nyama. Mama akajifuta mikono kwenye aproni, mara mbili, kama mtu anayetafuta la kufanya.

"Njoo hapa, mwanangu. Geuka."

Akalaza sikio mgongoni mwake. Upande wa kushoto, pumzi ilipita kama upepo kwenye majani.

Akahamia kulia.

"Vuta pumzi. Polepole."

Binti akavuta, na ndani kabisa, chini ya mbavu, mdoli akalia.