Beji Mbili za Kola

Beji zilinuka udongo. Wendell alizisogeza puani. Zilikuwa mbili, za kola, jozi kamili: nyati mmoja anatazama kulia, mwenzake kushoto. Nembo ya kikosi kilekile cha babu yake. Miaka yote hiyo ya kuzunguka masoko ya vitu vya vita hapa Alberta, alikuwa ameambulia beji ya kofia tu.

"Zimetoka wapi, Prokop?"

Prokop, muuzaji, alimeza donati yake kwanza. "Ufaransa. Kuna jamaa alikuwa akichimba mashamba ya watu kwa kificho, na ile mashine inayolia ikinusa chuma. Usihangaike kumtafuta, ni marehemu. Alichokonoa bomu kuukuu, likamaliza kazi."

"Shamba gani?"

"Hakumwambia mtu, hata mkewe. Wewe ungesema?"

"Hizi zilikuwa kwenye kola ya mtu?"

"Kola ilishaoza, bwana. Ilibaki mifupa, na mifupa haiuziki. Akaifukia palepale."

Wakacheka. Wendell alicheka kidogo kuliko mwenzake, lakini alicheka, kisha akatoa pochi. Asipochukua yeye, atachukua mwingine, alijiambia.

"Na usizisugue," Prokop alimwonya.

"Unanifundisha kazi?" Miongoni mwa wakusanyaji kama wao, anayesugua beji ya kale hana tofauti na mwizi. Udongo ulioganda huachwa ulivyo, hata kama umeziba mgongo wote wa beji.

Mama yake, Elspeth, alikuwa na miaka themanini, na daktari alikuwa amesema wasitarajie afike Krismasi. Baba yake Elspeth, Angus Muir, alimwacha akiwa mchanga akaenda Vita vya Kwanza vya Dunia, na huko akapotea. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa Vimy, Ufaransa, pamoja na wenzake wasio na kaburi, lakini Elspeth hakutaka jina ukutani. Alitaka kaburi. Kila vuli, wakulima wa kule wanapolima na mifupa ya askari wa zamani ikaibuka, alipiga simu ofisi ya makaburi ya vita. Kila vuli alijibiwa kwa upole kwamba bado.

"Nguo huoza," alizoea kusema akikata simu. "Chuma ndicho kitakachomtaja."

Alikuwa na sababu. Angus alikuwa mtu wa kutia alama kila alichokimiliki, chapa ileile ya ng'ombe wake: mwezi mchanga juu ya mistari miwili. Ilikuwa kwenye mlango wa zizi, kwenye vijiko, kwenye kitanda alicholalia Elspeth utotoni. Mchoro wake alikuwa ameupeleka ofisini zamani, wamtambue kwa huo atakapopatikana.

Wendell alimkuta jikoni, amesimama kwa kushikilia sinki.

"Nimekuletea zawadi, Mama. Baba yako alivaa kama hizi. Nimezipata kwa mjane mmoja, zilikuwa kabatini."

Uongo ulimtoka bila kukwama. Akamwachia beji viganjani, akarudi ukumbini kutundika koti. Alikuwa na furaha ya kweli. Angalau mama angeshika kitu kabla ya kuondoka. Ndipo akasikia maji yakimwagika na brashi ikikwaruza.

"Mama! Usisugue!"

"Chafu hivi? Mume wa huyo mjane alikuwa akilimia nini, beji?"

Alipofika mlangoni alikuwa amechelewa. Maji ya sinki yalikuwa ya hudhurungi. Elspeth alikuwa amezima bomba na kuzigeuza beji, amezisogeza dirishani, na mikono yake, iliyotetemeka mwaka mzima, ilikuwa imetulia tuli.

Nyuma ya kila beji kulikuwa na mikwaruzo ya ncha ya kisu. Mwezi mchanga. Mistari miwili chini yake.

Wendell alishika fremu ya mlango. Mama yake aligeuka, uso wote unacheka, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Wendell hakuwahi kumwona hivyo tangu azaliwe.

"Hakuna kabati lenye udongo huu," alisema. "Ulitaka kunishtukiza, mjanja wewe. Amepatikana! Nilikwambia, chuma kitamtaja." Akamshika mkono kwa vidole vilivyolowa. "Haya, mwanangu, niambie. Wamemkuta shamba gani?"