Figo la Kushoto

Shebughe alikuwa amechinja ng'ombe miaka thelathini, na figo bovu alilijua kwa macho. Daktari alipoiweka picha ya mwili wake kwenye taa, hakusubiri kuambiwa.

"Hilo la kushoto limevimba. Kwetu machinjioni bwana afya akiona hivyo, figo linatupwa, nyama inauzwa. Litoe basi, daktari, nikafungue bucha."

"Nilitaka kulitoa, mzee. Ila majibu ya kile kinyama tulichokichukua kwa sindano yametoka. Ni saratani ya mitoki, zile tezi zilizotapakaa mwilini, imeanzia kwenye figo. Hii haimalizwi kwa kisu. Ni dawa ya mshipani, miezi sita."

"Nikiimaliza, napona?"

"Wapo wanaopona. Wengi inawarudia."

"Hao waache. Sema mimi."

Daktari alichukua kalamu, akaipitisha juu ya picha kuanzia figo la kushoto. Shebughe aliifuata kwa jicho la kazi, akitafuta mahali nyama safi inapoanzia. Kalamu ilivuka hadi figo la kulia, ikapanda kifuani, ikafika shingoni.