Mikono ya Tasa

"Mtaje!" Mama Odero alifoka. "Mtaje huyo mwanaume, mtoto atoke!"

Awuor hakumtaja mtu. Alikuwa amelala chali sakafuni, katika chumba kimoja cha nyumba za reli, Nakuru, na uchungu ulikuwa umemshika tangu jana asubuhi. Mama mkwe wake na jirani wawili walikuwa wamemzunguka, wanatafuna miwa na kutema makapi karibu na kichwa chake. Karibu na kichwa cha mtu anayezaa! Chumba kilinuka jasho na mkojo, na hakuna aliyejisumbua kufungua dirisha.

Ndivyo walivyoamini: mwanamke akikawia kujifungua, amelala na mwanaume wa nje, na mtoto hatoki mpaka jina litajwe. Hata mkunga, ambaye kazi yake ni kusaidia, alikuwa amekaa juu ya gunia na kukunja mikono. Alisema hamgusi mpaka aseme.

Na akisema? Mwaka wa hamsini, mwanamke wa mlango wa pili alisema. Alizaa salama, na kabla damu haijakauka mumewe akamtupa nje kwenye mvua, yeye na kichanga chake. Siku ya tatu kichanga kikafa. Hawa hawa wanaotafuna miwa ndio waliokwenda kulia matangani. Ptuu!

Odero, mume wa Awuor, mtia makaa wa garimoshi, alikaa nje kwenye ngazi akichonga kucha kwa kisu. Saa tano hivi akainua kichwa, akaona mwanamke anakuja.

"Nani ameita hii takataka?"

Alikuwa Truphosa, mke wake wa kwanza. Waliishi miaka mitano bila mtoto, Odero akamfukuza, na mama yake akamrushia sufuria zake barabarani. Hiyo ilikuwa miaka minane iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyeuliza amekwenda wapi. Awuor ndiye aliyemwita, kwa siri, kupitia muuza maziwa kutoka Njoro, maana alikuwa amesikia kwamba huko wanawake wakishikwa na uchungu humtaka yeye akae nao.

Mama Odero alisimama mlangoni. "Tasa haingii hapa. Mikono ya tasa inafunga tumbo. Uchungu wa mwana aujua mzazi. Wewe unajua nini?"

"Kidogo," Truphosa alisema.

Bibi yule akamtemea mate kwenye gauni. Truphosa alijipangusa, akampita, akaingia, akafungua dirisha.

"Kwani nani alimlaza huyu chali? Mnataka mtoto apande mlima?"

Alimwinua Awuor polepole, akamshikisha shingo yake, wakaanza kuyumba pamoja. Alimnywesha uji vuguvugu, kijiko kwa kijiko. Alimtoa nje akakojoe. Uchungu ulipokuja alimkandamiza kiuno kwa ngumi, na ulipokwisha alimwambia sikioni, "Huo umepita. Hautarudi huo."

Basi hayo tu. Hakuwa na dawa wala hirizi. Lakini msichana aliyekuwa akitetemeka tangu jana alianza kupumua kama mtu.

Adhuhuri ukaja uchungu mkubwa kuliko yote. Awuor akapiga ukelele. "Nitamtaja! Nimechoka! Ni..."

Truphosa alimvuta uso, akauzamisha begani mwake. "Lia hapa. Niume ukitaka."

Awuor aliuma, na alikuwa na meno.

"Alikuwa anasema!" Mama Odero aliruka. "Umemziba mdomo!"

"Alikuwa anamwita mama yake."

"Wee gunia tupu! Ulishindwa kumpa mwanangu hata panya, sasa unakuja kufunga tumbo la mwenzako!"

Nje kwenye ngazi, Odero alicheka. Alicheka, mwanaume mzima! Wale jirani nao wakacheka, juisi ya miwa inawachuruzika kidevuni.

Mimi ningejibu. Truphosa, damu inamtoka begani, aliendelea kumyumbisha Awuor.

"Baba ya mtoto amekaa pale nje anachonga kucha," alisema baadaye. "Mkunga, piga magoti, kazi yako imefika."

Saa tisa Awuor alichuchumaa, mgongo wake kifuani kwa Truphosa, akajifungua mvulana.

Ala! Vinywa vile vile vilivyokuwa vinatema makapi, sasa vikapiga vigelegele. Mama Odero alimnyakua mtoto, akamgeuza huku na huku. "Tazama masikio! Odero mtupu!" Odero aliingia amevimba kifua, utadhani yeye ndiye aliyesukuma.

Awuor alimshika Truphosa mkono, akafungua mdomo.

"Lala," Truphosa alimwambia. "Usiseme kitu. Leo wala kesho."

"Umemaliza?" Odero akauliza. "Toka basi, usije ukamtazama mwanangu kwa kijicho."

Alitoka bila hata maji ya kunawa. Hakuna aliyempa.

Kwenye barabara ya Njoro, mbali na nyumba za reli, mumewe Khisa alikuwa anamsubiri na mkokoteni wa maksai, pale pale alipomwomba akae asionekane. Alikuwa amebeba kitoto cha miezi mitano, kimelia mpaka sauti imekauka.

"Wamekutukana tena," Khisa alisema alipoona bega. "Wamekuita tasa. Na wewe hukuwaambia?"

Truphosa alipokea mwanawe, akafungua vifungo, akampa titi.

"Niwaambie nimezaa wanne?" alisema. "Halafu yule wa leo awe wa nani?"